Madaraja Matatu ya Gari Moja la Umeme

Juma hili tumeielekeza safu yetu kwenye jambo ambalo wazee wetu hawakulijua kwa sura yake, lakini hukumu zake walizijua vyema: kuagiza gari jipya la umeme ambalo mnunuzi bado hajalitia machoni.

Dada yetu mmoja wa Nyali ametuletea swali, na kwa idhini yake tunalijibu hapa, maana tunaamini nyumba nyingi za mwambao zitalikabili karibuni. Mumewe ni baharia, huwa nje miezi kadhaa kwa mwaka. Yeye mwenyewe alipata fungu lake la mirathi ya babake baada ya shamba kuuzwa, na ana shilingi 2,500,000 alizoziweka zaidi ya mwaka mmoja. Wamekubaliana kununua gari la umeme. Yeye atatoa fedha hizo taslimu, na kiasi kitakachobaki mumewe atakilipa kwa murabaha kupitia benki ya Kiislamu kwa muda wa miaka 4. Muuzaji amempa karatasi ya bei yenye safu tatu: daraja la chini shilingi 4,000,000, la kati 4,500,000, na la juu 5,200,000. Ametakiwa kutanguliza arbuni ya shilingi 200,000 kabla ya mwisho wa mwezi. Mume, kwa simu kutoka melini, asema lichukuliwe la juu, kwani gari ni la kununua mara moja. Dada yetu hana uhakika. Jina la gari na la muuzaji tumeyaacha, kwa kuwa hayaathiri jawabu letu.

Kwanza tufahamiane juu ya neno daraja. Gari moja hutoka kiwandani kwa mavazi mbalimbali. Mwili ni ule ule, jina ni lile lile, lakini moja lina betri ndogo na jingine kubwa. Moja lina viti vya kitambaa na jingine vya ngozi. Moja lina rimu ndogo na jingine rimu pana zenye kumeta. Juu ya madaraja hayo huja nyongeza, kama vile rangi maalumu, paa la kioo, au chaja ya kutundikwa ukutani. Ustadi wa muuzaji ni kuifunga nyongeza unayoihitaji pamoja na nne usizozihitaji, ili uipate hiyo moja kwa kuzilipia zote. Hilo si haramu kwake, madhali amelieleza. Lakini si wajibu wetu kulikubali.

Katika magari ya umeme, kitu cha kwanza kutazamwa kwenye karatasi ile ni betri, na kabla ya betri ni safari za nyumba yenyewe. Dada yetu ametueleza zake. Kila siku hupeleka watoto skuli, huenda sokoni, jioni huwachukua kutoka madrasa. Kwa jumla kilomita 40 hivi. Mara moja kwa mwezi humzuru mamake Malindi, kilomita 120 kwenda na kama hizo kurudi. Nairobi huenda likizo za Disemba na Aprili.

Daraja lake la chini lina betri ya uniti 45, na la kati na la juu yana uniti 60. Tunasema uniti, yaani zile zile tunazozinunua kwa tokeni za umeme wa nyumbani. Uniti moja ni kilowati-saa moja. Gari la ukubwa huu hutumia takriban uniti 16 kwa kila kilomita 100. Basi kilomita zake 40 za kila siku ni uniti 6 na kidogo. Akijaza betri ndogo usiku wa Jumapili, atamaliza siku za skuli bila ya kuigusa chaja tena. Kwa mizunguko ya mjini, uniti 15 za ziada alizouziwa kwa shilingi 500,000 ni mzigo wa kubebwa tu.

Safari ya Malindi ndiyo iliyomtia hofu. Kwenda na kurudi ni kilomita 240. Betri ya uniti 45 kwa hesabu ya juu ingeweza kumaliza kilomita 280, lakini ukiwasha kiyoyozi, ukaenda mwendo wa barabara kuu, na ukataka akiba ya kukurudishia utulivu wa moyo, hesabu hiyo hukonda. Je, hili lamlazimu kununua betri kubwa? Twaona halimlazimu. Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa takriban uniti 2 kwa saa. Akifika kwa mamake saa nne asubuhi, akalichomeka gari, akala chakula cha mchana na kuswali alasiri ndipo aondoke, atakuwa amepata uniti kumi na mbili, nazo ni kilomita 75. Mama atalipwa umeme wake, na ziara itarefuka, jambo ambalo hatudhani mama atalilalamikia. Lau angekuwa mtu wa kwenda Lamu kila juma, tungemwambia chukua la kati bila kusita.

Ama Nairobi, isimpumbaze. Kutoka Mombasa ni kilomita 480 hivi, tena ni safari ya kupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,700. Kule kupanda peke yake, kwa gari la uzito wa tani moja na robo tatu, hula uniti 8, mbali na zile za mwendo. Si betri ya uniti 45 wala ya 60 itakayofika bila kuchajiwa njiani. Kwa hivyo mwenye kununua betri kubwa kwa ajili ya Nairobi amelipa nusu milioni na bado atasimama. Kwa safari mbili kwa mwaka, garimoshi lipo tangu mwaka 2017.

Jambo jingine katika kipengele hiki ni ile namba ya kilomita iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Upo mfano ulio wazi. Gari la BYD Atto 3 lenye betri ya uniti 60 limetangazwa kuwa lafika kilomita 480, na gari hilo hilo limetangazwa kwingine kuwa lafika 420. Hakuna aliyesema uongo. Namba ya kwanza ni ya kipimo cha zamani cha Ulaya kiitwacho NEDC, na ya pili ni ya kipimo kilichokirithi kuanzia 2017, yaani WLTP. Gari moja, betri moja, na tofauti ya kilomita 60 iko katika karatasi tu. Anayelinganisha magari mawili, mmoja kwa kipimo hiki na la pili kwa kile, ni kama mwenye kupima mchele kwa pishi mbili zisizolingana. Aulize ni kipimo gani, na hata kile cha pili akipunguze kwa sehemu moja katika tano awapo na jamaa garini na kiyoyozi kinavuma.

Sasa tuingie kwenye hesabu ambayo muuzaji hakuiandika. Dada yetu na mumewe wanalinunua gari la umeme, kwa maneno yao, ili kupunguza gharama ya petroli. Nia hiyo ni njema, basi na tuipime. Kilomita 40 kwa siku 26 ni kilomita 1,040 kwa mwezi. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita lingetaka lita 87 hivi. Tukichukua lita kwa shilingi 180, ni shilingi 15,600. Gari la umeme lingetaka uniti 166. Tukichukua uniti kwa shilingi 30 pamoja na kodi, ni takriban shilingi 5,000. Wamesalimika na shilingi 10,600 kila mwezi. Alhamdulillah, si haba.

Lakini yale madaraja yamesimama mlangoni yakisubiri fungu lao. Tofauti ya la chini na la kati ni shilingi 500,000; ukizigawanya kwa miezi 48 ni shilingi 10,417 kila mwezi, kabla hata ya faida ya benki. Akiba yote ya petroli imekwisha. Tofauti ya la chini na la juu ni shilingi 1,200,000, nayo ni shilingi 25,000 kamili kwa mwezi. Hapo nyumba imeokoa elfu kumi kwa mkono mmoja na kutoa elfu ishirini na tano kwa mwingine, kwa miaka 4, na ikajiita yenye kubana matumizi. Na bima kubwa hukadiriwa kwa thamani ya gari, basi nayo hupanda kila mwaka pamoja na daraja.

Wapo watakaotuambia umeme una nafuu zaidi ya hiyo tuliyoitaja, na ni kweli. Mwaka 2023 mamlaka ya kawi, EPRA, iliweka bei maalumu ya kuchajia magari: shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na shilingi 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Inafaa kwenda Kenya Power kuuliza masharti yake na mita yake kabla ya kununua gari, wala si baada. Hata hivyo nafuu hiyo ni sawa kwa madaraja yote matatu.

Hebu sasa tulifunue daraja la juu tuone lina nini. Karatasi yake inataja paa la kioo, rimu pana zaidi, viti vya mbele vinavyopashwa moto, taa za rangi rangi ndani ya milango, spika nyingi, na skrini kubwa zaidi. Paa la kioo, kwa jua la Mombasa la mwezi wa Februari, ni kumlipa mtu akuwekee tanuri juu ya kichwa kisha ukakitumia kiyoyozi, na pamoja nacho betri, kupambana nalo. Rimu pana hupendeza, lakini hupunguza kilomita kiasi, na tairi zake nyembamba hazina huruma na mashimo ya barabara zetu. Viti vya kupashwa moto tunawaachia ndugu zetu wa Ulaya. Rangi, kwa maoni yetu, nyeupe isiyo na malipo ya ziada ndiyo yenye hekima katika mji wa joto, maana hurudisha miale badala ya kuimeza.

Kuna nyongeza mbili tu katika karatasi nzima ambazo tungezitilia uzito, na ajabu ni kwamba hazikuwekwa mbele. Moja ni usalama: mifuko ya hewa ni mingapi, inamkinga nani, na je, viti vya nyuma vina vishikizo vya viti vya watoto? Magari kadhaa ya Kichina yamepata nyota tano katika majaribio ya Ulaya ya Euro NCAP, Atto 3 mwaka 2022 na Dolphin mwaka 2023. Ni habari njema, ila gari lililojaribiwa ni lile lililotengenezewa soko la Ulaya. Anayenunua hapa aulize kama daraja analouziwa lina mifuko ile ile, na jawabu liandikwe. Ikiwa mifuko ya pembeni au breki za kujifunga zenyewe zinapatikana daraja la kati tu, basi maneno yetu yote ya hapo juu juu ya akiba yawekwe kando, na la kati lichukuliwe. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria, na hutangulia kuhifadhi mali.

Ya pili ni uwezo wa gari kutoa umeme wake nje. Kuna magari ambayo, kwa waya maalumu, hugeuka kuwa chanzo cha umeme wa nyumba. Waliokumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima, wanajua thamani ya jambo hili. Mama mwenye friji iliyojaa sambusa na samaki wa kuuza, au nyumba yenye mgonjwa ambaye insulini yake hutaka ubaridi, atafaidika na waya ule kuliko na spika kumi na mbili. Dada yetu aulize kama uwezo huo umo katika daraja la chini. Mara nyingi umo, na kinachokosekana ni waya tu, ambao huuzwa peke yake.

Twaongeza neno juu ya nyongeza zilizofungwa, maana jambo hili ni geni. Mwaka 2016 kampuni ya Tesla iliuza magari ya Model S yaliyoandikwa 60, ilhali ndani mlikuwa na betri ya uniti 75. Uniti zilizobaki zilifungwa kwa programu, na mwenye gari akilipa baadaye hufunguliwa. Mwaka 2022 kampuni ya BMW ilianza katika baadhi ya nchi kutoza malipo ya kila mwezi kwa viti vya kupashwa moto ambavyo tayari vimo garini, na watu wakalalamika mpaka ikaacha. Katika fiqhi, mwenye kununua kitu hukimiliki pamoja na kilichomo, isipokuwa kilichobaguliwa kwa sharti bayana. Basi mnunuzi aulize mbele ya maandishi: ni kipi nimekinunua moja kwa moja, na ni kipi nakikodi? Intaneti ya gari ni ya bure kwa miaka mingapi? Na nikiliuza, je, vitu hivi vinakwenda na gari au vinabaki nyuma?

Hapa tumekaribia swali lake la kisheria. Wanazuoni wameshurutisha, ili biashara isihi, kwamba kinachouzwa kijulikane na bei ijulikane. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza mauzo yenye gharari, yaani yale yaliyofunikwa na kutojulikana. Gari ambalo bado halijaundwa huuzwa kwa sifa zake. Katika madhehebu yetu ya Shafi, njia yake ni salam, ambayo hutaka bei yote itolewe papo kwenye kikao cha mkataba. Wenzetu wa Hanafi wameiruhusu istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe, na malipo yanaweza kugawanywa. Nayo Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa ilipokutana Jeddah mwaka 1992 iliipitisha kuwa ni mkataba wenye kufunga pande zote mbili, kwa sharti la kubainisha aina ya kitu, kiasi chake, sifa zake na muda wa kukabidhiwa. Tena ikaruhusu kuweka fidia kwa mtengenezaji atakayechelewa bila udhuru. Sharti hilo la fidia muuzaji hatalitaja asilani. Dada yetu na alitaje yeye.

Arbuni nayo ina khitilafu mashuhuri. Jamhuri ya wanazuoni, wakiwamo wa Shafi, hawakuikubali ile ambayo mnunuzi akighairi basi huliwa na muuzaji. Imam Ahmad akairuhusu. Mwaka 1993, katika kikao cha Brunei, Majmaa ilichukua kauli ya kuruhusu, ikiwa muda wa kungoja umewekwa, na ikiwa arbuni itahesabiwa katika bei pindi mauzo yakitimia. Sisi twafuata ruhusa hiyo kwa kuwa soko zima limeshika njia hii. Lakini dada yetu aangalie: arbuni huwa juu ya mkataba, na mkataba huwa juu ya daraja moja kwa bei moja. Kutoa shilingi 200,000 kwa maneno ya «tutaona kati ya la kati na la juu» ni kulipia kisichojulikana. Afadhali achelewe kuliko kutoa kabla ya kuchagua.

Na bei je, inajulikana? Katika karatasi aliyotutumia, chini kabisa kwa maandishi madogo, imeandikwa kwamba bei yaweza kubadilika kwa mujibu wa kodi na thamani ya dola. Huu si mzaha. Mwanzo wa mwaka 2024 dola ilifika shilingi 160. Katikati ya mwaka huo huo ilikuwa 130 hivi. Gari la dola 30,000 lilikuwa na thamani ya shilingi 4,800,000, kisha 3,900,000. Tofauti hiyo ya laki tisa ni kubwa kuliko tofauti ya daraja la chini na la kati. Kodi nazo huguswa kila mwaka na sheria ya fedha; ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, na kilichoshuka chaweza kupanda wakati gari liko baharini. Ikiwa muuzaji hataki kuifunga bei, basi iandikwe kwamba ikizidi kiasi kadha mnunuzi ana hiari ya kurudi na arbuni yake kamili. Akikataa hata hilo, mkataba huo haufai kutiwa mkono.

Iandikwe pia kwamba gari likija bila ya sifa iliyoandikwa, mnunuzi ana hiari ya kulirudisha. Fiqhi inampa haki hiyo tayari, ila mahakama zetu hupenda kuiona katika karatasi. Kadhalika dhamana ya betri: ni miaka mingapi, inasimamiwa na nani, na fundi yuko Mombasa au ni lazima gari libebwe Nairobi? Mwaka 2024 magari ya Neta V yalianza kuunganishwa hapa hapa Mombasa, na wengi tulifurahi. Mwaka uliofuata kampuni mama huko Uchina, Hozon, ikaingia katika taratibu za kufilisika. Dhamana ni ahadi, na ahadi hutazamwa uwezo wa mwenye kuitoa. Mwenye kulinganisha bei za makampuni mawili na alihesabu hili.

Baadhi ya jamaa wamemshauri aliagize kupitia Dubai, ambako ni rahisi. Wamsamehe. Magari ya huko usukani wake uko kushoto, na hapa Kenya gari la namna hiyo halisajiliwi kwa matumizi ya kawaida. Kama ni gari lenye usukani wa kulia lipitishwalo huko tu, hilo ni jingine, lakini dhamana yake aiulizie mara mbili.

Tumeliacha kwa makusudi jambo ambalo kwetu ni zito kuliko betri. Zile shilingi 2,500,000 ni za nani? Ni za dada yetu. Ni mirathi aliyokatiwa na Mola wake, na mume hana haki nazo ila kwa ridhaa yake. Na kuwapeleka watoto skuli ni katika masurufu ya mume. Hatusemi asitoe, kutoa kwake ni ihsani na ana thawabu mbili. Tunasema ijulikane ametoa kwa jina gani. Je, ni hiba kwa mumewe? Je, ni karadha, ambayo mume atairudisha? Au ni ushirika katika gari? Katika barua yake hakuna neno juu ya hili, na karatasi za benki zitaandikwa kwa jina la mume peke yake.

Ikiwa ni ushirika, tazameni daraja linavyofanya. Katika gari la 4,000,000, fedha zake ni mafungu matano katika manane: yeye ndiye mwenye sehemu kubwa. Katika gari la 5,200,000, fedha zile zile zimekuwa asilimia 48, chini ya nusu. Paa la kioo na rimu pana zimemtoa katika ukubwa wa umiliki, na hakuna aliyemnyang'anya kitu. Na mbaya zaidi, Mungu apishe mbali, mume akifariki na gari liko kwa jina lake pasi na maandishi mengine, litaingia katika mirathi yake, na mke mwenye watoto hupata thumni. Atarithi thumni ya fedha zake mwenyewe, na hizo saba zilizobaki wagawane watoto na wakwe.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, imekuja kutufundisha kuandikiana madeni. Hakuna aibu kwa mke na mume kuifuata. Shemeji yetu baharia, tunayemdhania kheri, na atie mkono karatasi moja yenye mashahidi wawili, itamke kama ni hiba, karadha au ushirika, na kwa fungu gani; na wakiulizia kuweka majina yote mawili katika logibuku, sambamba na la benki mpaka deni liishe, ni bora zaidi. Benki nayo ihakikishwe kwamba inalinunua na kulimiliki gari kwanza, kisha ndipo inawauzia kwa bei iliyotajwa isiyopanda. Kama inatoa fedha tu na kuandika neno murabaha juu ya karatasi, jina halibadilishi hukumu.

Jawabu letu basi: achukue daraja la chini, baada ya kuthibitisha mifuko ya hewa, fedha zisizotumika zigharimie chaja ya ukutani yenye kutoa uniti 7 kwa saa, iliyofungwa na fundi mwenye leseni, na kama anaishi katika jengo la ghorofa apate idhini ya mwenye nyumba na mita yake mwenyewe, maana kuchaji kwa umeme wa ngazi unaolipiwa na majirani ni kula haki yao. Barua hii amsomee mumewe atakapopiga simu.

Limebaki moja ambalo hakuliuliza. Fedha zake zimepindukia mwaka mzima zikiwa akiba, na ziko juu ya nisabu. Kwamba amezikusudia gari hakuziondolei zaka; gari la matumizi halina zaka, lakini fedha zilizo mkononi zinayo mpaka zitoke. Robo ya kumi ya shilingi 2,500,000 ni shilingi 62,500. Azitoe kwanza, kisha ndipo apeleke arbuni.